Somo: Igizo dhima, hatua kwa hatua

Hapa Bagamoyo ukitaja kuigiza, watu wanawaza wanafunzi wa TaSUBa, chuo chetu cha sanaa, na jukwaa lao. Igizo dhima ni jambo jingine. Halina mswada wala watazamaji wa kushangilia. Unavaa nafasi ya mtu fulani, unasema ambayo angesema yeye, na hapo unalijua jambo kwa ndani. Pwani si geni hili: kungwi humfunda mwali kwa kuigiza.

1. Chagueni kisa kimoja kinachowakera kweli. Kikoba chetu tulichagua hiki: mama muuza samaki hajarejesha mkopo miezi miwili, mweka hazina kaenda kumdai.

2. Gawa dhima. Kila mmoja mpe kikaratasi: wewe ni nani, unataka nini. Asikione cha mwenzake. Na tafadhali, mdaiwa wa kweli usimpe dhima ya mdaiwa, utamdhalilisha.

3. Waigize dakika tano. Wengine kimya.

4. Wabadilishane dhima. Hatua hii wengi wanairuka, na ndiyo yenye faida kubwa. Daktari wa akili Jacob Moreno, aliyeanzia kazi hii Vienna kabla ya kuhamia Marekani mwaka 1925, aliipa uzito sana. Mweka hazina wetu alikuwa mkali. Alipokaa upande wa mdaiwa, mwenzake akamrudishia maneno yake yaleyale, sauti ileile. Akanyamaza. Kisha akauliza, "Hivi ndivyo ninavyowaambia?" Tangu siku hiyo anadai kwa faragha, si mbele ya wateja wa mtu.

5. Wavue dhima. Kila mmoja ataje jina lake, arudi kitini pake, ndipo mzungumze: uliona nini, uliumia wapi?

Maswali ya wanachama

— Shikamoo mwalimu. Darasa langu lina watoto sabini, nitawezaje?
Marahaba mwanangu. Waigize wawili wawili kwa wakati mmoja, darasa zima. Kelele zitakuwepo, zivumilie.

— Naongoza watalii kwenye magofu ya Kaole. Itanifaa?
Sana. Mwenzako awe mgeni mbishi anayeuliza bei kila hatua. Kisha uwe mgeni wewe.

— Mmoja wetu alilia katikati. Tuliendelea tu.
Hapana, dada. Simamisha papo hapo, mvue dhima, mpe maji, mtu mmoja akae naye. Kisa kile msikirudie siku hiyo, hata akisema yuko sawa.