Saa 48 za kwanza: kudai ulinzi wa mama na watoto Uganda baada ya kipigo nyumbani

Mtu aliyekamatwa kwa kumpiga mkewe au mtoto anaweza kuwa nyumbani tena kesho kutwa. Katiba ya Uganda inawataka polisi wamfikishe mshukiwa mahakamani ndani ya saa 48 au wamwachilie, na wengi hutoka hata kabla ya hapo kwa bondi ya polisi, yaani dhamana inayotolewa kituoni. Anarudi na hasira, na mara nyingi ufunguo wa nyumba bado uko mfukoni mwake. Ndiyo maana saa hizo zisipotee katika vikao vya ukoo. Hizo ndizo za kukusanya karatasi ambazo hakimu atazisoma.

Sheria yenyewe ni ile ya mwaka 2010 ya kuzuia ukatili wa majumbani. Haihusu kipigo peke yake. Ngono ya kulazimishwa, vitisho, matusi ya kudhalilisha, kumnyima mtu pesa za chakula au kuuza vitu vya nyumba ili kumkomoa, vyote vimo. Si lazima muwe mmefunga ndoa. Inamlinda pia mfanyakazi wa ndani, mzazi mzee anayeteswa na mwanawe, na mume anayepigwa na mkewe. Adhabu ni faini isiyozidi pointi 48, yaani shilingi 960,000, au kifungo kisichozidi miaka 2, au vyote viwili. Kusema "aliridhika mwenyewe" si utetezi mbele ya sheria hiyo.

Kuondoka

Kama maisha yako hatarini, toka kwanza, karatasi zitafuata. Namba za polisi ni 999 na 112. Laini ya watoto, Sauti, ni 116. Haina malipo na iko chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Jirani au mwalimu naye anaweza kupiga, si mzazi tu. Kwa mwalimu, daktari na afisa wa ustawi wa jamii, kuripoti ukatili dhidi ya mtoto ni wajibu wa kisheria tangu marekebisho ya sheria ya watoto ya 2016.

Ukipata nafasi ya kuchukua vitu, chukua kitambulisho cha taifa, vyeti vya kuzaliwa au kadi za chanjo za watoto, risiti za shule, na simu yenye ujumbe wa vitisho. Usiufute ujumbe hata ukikuumiza kuusoma. Na kama kuna njia yoyote, toka pamoja na watoto. Mama akiwaacha kwa muda wa miezi, upande wa pili utamwambia hakimu kwamba watoto wamezoea huko, na hoja hiyo ina uzito kwa sababu mahakama hupima madhara ya kumhamisha mtoto.

LC au polisi?

Hapa ndipo kesi nyingi zinapofia. Mahakama ya LC (baraza la mtaa) ya kijiji ina mamlaka halali ya kusikiliza ukatili mdogo wa nyumbani: inaweza kuonya, kuamuru msamaha, fidia au ushauri nasaha. Ili kikao kiwe halali, wajumbe wasipungue watano, na wawili kati yao wawe wanawake. Mwenyekiti akikaa peke yake chini ya mwembe na mzee wa ukoo, hiyo si mahakama. Mwambieni hivyo kwa heshima, kisha dai kikao kamili na uamuzi ulioandikwa na kupigwa muhuri.

Lakini kama mhusika amerudia kosa, kama anaweza kuumiza tena, au kama kipigo ni kikubwa, sheria inaitaka LC ipeleke shauri polisi na kwa hakimu. Ushauri wetu ni kwamba pakiwa na mfupa uliovunjika, panga, kukabwa koo, au mtoto aliyeguswa kingono, usianzie LC kabisa. Kukabwa koo hasa hupuuzwa na watu kwa sababu hakuachi damu, kumbe ni dalili kubwa kwamba siku moja anaweza kuua.

Kufanya ngono na mtoto wa chini ya miaka 18 hakumalizwi kwa mbuzi wala kwa bahasha kati ya wazee. Adhabu yake inaweza kufika kifungo cha maisha. Mtoto akiwa chini ya miaka 14, au mhusika akiwa mzazi au mlezi wake, au akiwa anaishi na virusi vya UKIMWI, kosa linakuwa zito zaidi na linasikilizwa na Mahakama Kuu. Mwenyekiti anayekubali kusuluhisha jambo hilo hana mamlaka hayo.

Kituo cha polisi

Uliza dawati la ulinzi wa mtoto na familia. Vituo vikubwa vinalo. Una haki ya kuomba maelezo yako yachukuliwe na askari wa jinsia yako. Kabla hujaondoka hakikisha umepewa namba ya SD, yaani namba ya kuandikishwa kwenye kitabu cha kituo. Inaandikwa kama 17/04/05, kisha mwaka: namba ya taarifa, siku, mwezi. Bila namba hiyo, kesho utaambiwa hakuna aliyekuona. Faili la uchunguzi likifunguliwa linapata namba ya CRB. Idai nayo na uiandike pembeni.

Maelezo yanahitaji uangalifu kuliko jambo jingine lolote. "Mume wangu ananitesa kila siku mimi na watoto" ni kweli, ila hakimu hawezi kuishika. Sema hivi: "Jumamosi iliyopita, kama saa tatu usiku, jikoni, alinipiga kwa mwiko wa posho mara mbili kwenye mkono wa kushoto, akasema atanichoma na nyumba. Binti yetu wa miaka tisa alikuwa mlangoni. Jirani wa chumba cha pili alikuja aliposikia kelele." Una siku, mahali, kifaa, sehemu ya mwili, maneno aliyotamka na mashahidi. Kisha taja vipigo vya nyuma unavyovikumbuka, kimoja kimoja.

Askari ataandika kwa Kiingereza. Saa tatu usiku yako ikiandikwa "3" bila kubadilishwa, imekuwa saa tisa usiku, na wakili wa mhusika atakuuliza mbona jirani anasema tofauti. Omba usomewe maelezo kwa lugha unayoielewa kabla ya kutia sahihi au dole gumba. Kosa likiwepo, lirekebishwe pale pale.

Fomu ya PF3, yaani fomu ya polisi ambayo mganga huijaza kuhusu majeraha, ni bure. Bondi ni bure. Ukiombwa pesa ya fomu au ya mafuta ya gari, omba kumwona mkuu wa kituo, na ikishindikana peleka malalamiko kwenye kitengo cha polisi kinachosimamia nidhamu ya askari.

Hospitalini

Ukiwa umeumia vibaya, nenda ukatibiwe hata bila PF3. Polisi watakuja nayo baadaye. Aliyebakwa anachunguzwa kwa PF3A, fomu ya makosa ya kingono. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyosaidia. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba inaweza kutumika hadi siku 5, lakini nayo haipendi kusubiri. Usioge kabla ya kuchunguzwa, ingawa hilo ndilo jambo la kwanza mwili unalotamani. Nguo zifungwe kwenye karatasi au gazeti, kila nguo peke yake. Kaveera (mfuko wa plastiki) huhifadhi unyevu na kuharibu ushahidi.

Fomu irudi polisi ikiwa na jina la aliyechunguza, sahihi, tarehe na muhuri. Muhuri ukikosekana, upande wa pili utaipinga. Piga picha kurasa zote kabla ya kuikabidhi, na upige picha majeraha siku hiyo, kisha tena siku mbili tatu baadaye, maana michubuko mingi huonekana vizuri ikishaanza kubadilika rangi.

Amri ya ulinzi

Watu huchanganya njia mbili. Kesi ya jinai ni ya serikali: polisi huchunguza, mwendesha mashtaka huamua, na wewe ni shahidi. Ukisema umesamehe, kesi haifi kwa neno lako peke yako. Amri ya ulinzi ni ombi lako mwenyewe kwa hakimu, na huhitaji kusubiri kesi ya jinai iishe. Endesha zote mbili kwa pamoja.

Nenda mahakama ya hakimu ya eneo unaloishi, mwone karani, sema unataka kuomba amri ya ulinzi chini ya sheria ya 2010. Mwakilishi wako anaweza kuomba kwa niaba yako. Sheria inataka ombi lisikilizwe ndani ya saa 48 tangu lipokelewe, kwa hiyo karani akikupa tarehe ya mwezi ujao, mkumbushe hilo kwa upole na uombe amri ya muda, ambayo hakimu anaweza kuitoa hatari ikiwa karibu. Beba namba ya SD, nakala ya PF3, picha na ujumbe wa simu.

Omba kwa kutaja. Anayeomba "anilinde na mume wangu" hupata amri pana isiyoshikika. Taja kwamba asiingie nyumbani, na useme ni nyumba ipi na zoni gani. Taja kwamba asifike sokoni kwenye meza yako wala shuleni kwa watoto, asitume ndugu zake kukutisha, arudishe kitambulisho chako, atoe pesa za chakula na ada, na watoto wabaki nawe kwa sasa. Omba pia nakala iende kwenye kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Amri ikitoka, hakikisha mhusika amekabidhiwa na kuna uthibitisho wa maandishi, kwa sababu asiyekabidhiwa atasema hakujua.

Watoto

Kila wilaya inatakiwa kuwa na Mahakama ya Familia na Watoto, chini ya hakimu asiyepungua daraja la pili. Inasikiliza bila umma, bila ukali wa mahakama ya kawaida. Mtoto akiwa ndiye aliyepigwa, ombi la ulinzi linapelekwa huko. Huko pia ndiko unakoomba malezi na matunzo.

Anayesikilizwa sana pale ni afisa wa probesheni na ustawi wa jamii, ambaye ofisi yake iko makao makuu ya wilaya. Hufika nyumbani, huzungumza na mtoto, na kuandika ripoti. Mwonyeshe mtoto analala wapi, anasoma wapi, nani anabaki naye ukienda kazini. Usimfundishe mtoto maneno ya kusema. Afisa mzoefu hugundua mara moja, na ripoti itakugeukia. Hakimu atapima matakwa ya mtoto kulingana na umri wake, mahitaji yake ya mwili, moyo na shule, madhara aliyopata au anayoweza kupata, na uwezo wa kila mzazi. Uwezo huo si pesa tu. Baba mwenye nyumba ya matofali na historia ya kipigo hamshindi moja kwa moja mama anayepanga chumba kimoja.

Nyumba ikiwa na matatizo lakini mtoto anaweza kubaki, mahakama inaweza kutoa amri ya uangalizi ya mwaka 1, inayoweza kuongezwa mwaka mmoja tu. Kumtoa mtoto nyumbani kwa amri ya malezi ni hatua ya mwisho, na haizidi miaka 3.

Matunzo yanaweza kuombwa tangu mimba hadi mtoto afikishe miaka 18. Leta hesabu: risiti za ada, bei ya dawa, kodi ya chumba, na dalili za kipato cha baba, kama ujumbe wa pesa za simu au mahali anapofanya kazi. Akiikana damu, cheti cha kuzaliwa chenye sahihi yake kina nguvu kubwa.

Mahari na vikwazo vingine

Wazazi wengi humrudisha binti kwa mume kwa hofu ya kudaiwa ng'ombe. Tarehe 6 Agosti 2015 Mahakama ya Juu, katika shauri lililoletwa na shirika la MIFUMI, iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ni kinyume cha Katiba. Baba wa binti aambiwe hivyo kabla ya kikao, si wakati wakwe wamekwisha kukaa.

Mahakama huendeshwa kwa Kiingereza, lakini kwenye kesi ya jinai mshtakiwa asiyekielewa hupewa mkalimani bila malipo. Nawe uliye shahidi au mwombaji, mwambie karani mapema kwamba utasema kwa Kiswahili. Mkimbizi wa Nakivale au Kyangwali analindwa na sheria hizi hizi. Kamati ya wakimbizi inaweza kumsindikiza, ila haiwezi kuchukua nafasi ya polisi wala hakimu. Wasio na pesa ya wakili waulize FIDA-Uganda (chama cha wanasheria wanawake), Justice Centres Uganda, au mradi wa msaada wa kisheria wa Uganda Law Society (chama cha mawakili).

Amri mkononi, toa nakala za kutosha. Moja ibaki kwako, nyingine kwa mwalimu mkuu, moja kwa mwenyekiti wa LC, moja kwa jirani unayemwamini. Akija, usitoke kubishana naye mlangoni. Piga 999, soma namba ya kesi iliyo juu ya amri, na umwombe jirani aandike saa aliyomwona. Kila anapoikiuka andikisha SD mpya, hata kama alisimama tu barabarani na kuondoka, kwa sababu hakimu akiona tarehe nne mfululizo hatahitaji kuelezwa mengi.