Kubadilisha kapasita za pawa saplai ya zamani: usiidharau ile ndogo isiyovimba

Shangazi yangu ana duka la kuchapa na kutoa kopi hapa Tanga, Ngamiani. Juzi nilipompitia asubuhi, hata shikamoo yangu haijaisha kuitikiwa, akanionyesha kompyuta. "Marahaba mwanangu. Usiku umeme ulikatika. Umerudi, lakini hii imegoma."

Mashine iliyokaa miaka imechomekwa ukutani bila kuzimwa, ikagoma baada ya umeme kukatika, mara nyingi ugonjwa wake ni kapasita, vile vifaa vya kutunza umeme vilivyo ndani ya pawa saplai, boksi linaloilisha kompyuta umeme. Nilivyoitengeneza ni hivi.

Hatua ya 1: Toa umeme uliobaki ndani

Chomoa, fungua kava ya pawa saplai. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishanyooshwa na dayodi hufika kama volti 325, na zile kapasita mbili nene zinaweza kuutunza hata baada ya kuchomoa. Mimi natumia balbu ya nyuzi ya wati 60 kwenye soketi yenye nyaya mbili zilizofunikwa vizuri: gusisha kwenye miguu ya kila kapasita nene kwa sekunde chache, kisha pima kwa mita. Ikizidi volti 2, rudia. Bisibisi usitumie kabisa; cheche yake inachoma njia za bodi na inaweza kukujeruhi.

Hatua ya 2: Piga picha, safisha

Picha nyingi, pande zote. Vumbi letu la pwani hushika chumvi na unyevu, kwa hiyo lifute kwa brashi na spiriti. Gundi ya njano iliyogeuka kahawia ikwangue: ikizeeka hula miguu ya vifaa na huanza kupitisha umeme.

Hatua ya 3: Tafuta kapasita mbovu

Hapa ndipo nilipowahi kupoteza siku nzima. Zilizovimba kichwa au kuvuja zinaonekana kwa macho, na mara nyingi ziko upande wa nyaya zinazotoka: za volti 10 au 16, maikrofaradi 1000 hadi 3300. Siku ile nilizibadilisha zote, nikachomeka, kimya. Nikapima dayodi, nikapima transista, nikarudia kuchomea kila kiungo. Kimya.

Mbovu ilikuwa upande wa umeme mkubwa, kando ya transfoma ndogo: kapasita nyembamba kama kidole cha mtoto, maikrofaradi 10, volti 50, kichwa bapa kabisa. Kazi yake ni kusaidia kuamsha saketi ya umeme wa kusubiri, yaani ule mdogo unaobaki hata kompyuta ikiwa imezimwa. Ndani mna karatasi iliyolowa majimaji. Yakikauka, ukinzani wa ndani hupanda. Joto likiwepo hushuka. Ndiyo maana mashine inayowaka muda wote hujipasha joto na kuendelea, ikipoa usiku mmoja tu haiamki.

Jaribio: ikiwa imechomolewa, ipashe sehemu ile kwa draya ya nywele dakika mbili, rudisha kava, chomeka. Ikiwaka, umempata mwizi. Isipowaka, usiiondolee shaka bado, ing'oe uipime.

Pima kwa mita ya ESR, yaani ile inayopima ukinzani wa ndani. Mita ya maikrofaradi peke yake haitoshi, kwa sababu kapasita inaweza kusoma karibu na namba yake na bado iwe mbovu. Kama huna, badilisha zote ndogo za upande ule. Bei yake ni ndogo. Na usiichelewe: kwenye baadhi ya pawa saplai za zamani, hii ikichoka umeme wa kusubiri hupanda na kuua bodi ya kompyuta nzima.

Hatua ya 4: Nunua zinazofaa

Maikrofaradi zilezile, volti sawa au zaidi, kamwe si pungufu. Iandikwe 105°C, siyo 85, na za upande wa kutolea ziwe za ESR ndogo. Za kung'oa kwenye televisheni mbovu sizitaki: unahamisha uzee tu. Pia ishike mkononi. Kubwa iliyo nyepesi mno niliwahi kuipasua nikakuta ndogo imefichwa ndani.

Hatua ya 5: Ng'oa, weka

Ongeza risasi mpya kwenye ya zamani ndipo uinyonye kwa pampu. Usilazimishe, bodi hizi njia zake hubanduka upesi. Mstari kwenye ganda ni upande wa hasi. Fuata picha zako, maana alama za bodi hazifanani.

Hatua ya 6: Washa

Mara ya kwanza pitisha umeme kwenye balbu ileile, ikiwa imeungwa mfululizo na waya mmoja wa umeme unaoingia. Ikimulika kidogo na kufifia, vizuri. Ikibaki kali, chomoa, kuna shoti. Ikiwa salama, ondoa balbu, funga kava, pima waya wa zambarau, wa umeme wa kusubiri: volti 4.75 hadi 5.25. Kisha gusisha wa kijani na mweusi ili iwake. Feni izunguke, na wa njano usome 11.4 hadi 12.6.

Usiirudishe kwa mwenyewe jioni hiyo. Niliiacha ya shangazi imechomolewa usiku kucha, nikaichomeka alfajiri ikiwa baridi kabisa. Ilipowaka mara ya kwanza ndipo nilipoipeleka dukani.