Namna ya Kuandika Shajara ya Maisha Yako

Nimekuwa nikiandika shajara hapa Wete, Pemba, kwa miaka 12, na faida kubwa niliyoipata si kukumbuka yaliyopita peke yake, bali ni kuijua nafsi yangu.

Hatua ya 1. Nunua daftari la kawaida la kurasa 96. Daftari zuri mno humtia mtu woga wa kulichafua, na shajara haina budi kuchafuka.

Hatua ya 2. Chagua wakati unaofuatana na jambo ulilolizoea. Mimi huandika baada ya sala ya isha, kwa dakika 15, kabla sijashika simu. Siku ikikupita, usiilipe. Andika ya leo.

Hatua ya 3. Anza na tukio, kisha ndipo uandike hisia. Ukiandika "leo nimeudhika" ukaishia hapo, hujajisaidia. Msimu mmoja wa karafuu, tulipokuwa tukizitenga na makonyo, yaani vijiti vyake, niliandika hivi: "Tumekaa jamvini tunachambua hadi saa nne usiku. Dada amesema karafuu zangu zimejaa makonyo. Nimenyamaza, lakini vidole vinatetemeka." Nilipofika mwisho wa ukurasa nilibaini kwamba kilichoniuma hakikuwa makonyo, bali kuambiwa mbele ya watoto. Asubuhi nilimweleza hivyo kwa utulivu, naye akaniomba radhi. Nisingeandika, kinyongo kile ningekilea hadi msimu mwingine.

Hatua ya 4. Ukiwa tayari, andika lile zito usiloweza kumwambia mtu. Mwaka 1986, watafiti wa Marekani James Pennebaker na Sandra Beall walichapisha utafiti ambao wanafunzi waliandika kwa dakika 15, siku nne mfululizo. Walioeleza tukio chungu pamoja na hisia zao walihuzunika zaidi mara tu baada ya kuandika, lakini katika miezi iliyofuata walikwenda kutibiwa mara chache kuliko wenzao walioandika mambo ya kawaida. Kwa hiyo machozi yakikutoka usishtuke. Hata hivyo, siku zikipita na maumivu yakazidi, liweke daftari kando umwendee daktari au mtu unayemwamini, kwani kuandika si badala ya tiba.

Hatua ya 5. Kila mwisho wa mwezi, soma ulichoandika, na hatua hii usiiruke hata kidogo. Kwa muda mrefu nililalamikia kichwa kuuma bila ya kujua sababu, mpaka niliposoma kurasa za miezi mitatu pamoja nikaona kwamba karibu kila siku ya maumivu nilikuwa nimeondoka nyumbani alfajiri bila ya chai.

Hatua ya 6. Tia tarehe kila ukurasa, ya miladia na ya mwezi mwandamo. Hifadhi daftari ndani ya sanduku lenye kufuli, na wakati wa masika lifunge kwenye mfuko wa plastiki, maana unyevu hufuta wino.