Kulinda mkono wa pitcha mdogo, na shida ya jerikani
Kama unafunza watoi beisiboli hapa Kisumu, ama Kakamega ama Nakuru huko, kabla hata ujue pitcha gani (yule anayemrushia mpigaji mpira) anarusha kwa nguvu, nunua daftari ya kuandika mirusho. Msimu mmoja mimi sikuwa na daftari, kijana wa miaka 13 akarusha mechi mbili Jumamosi na ingine Jumapili manake yeye ndio alikuwa moto, Jumatatu mkono haunyooki. Alikaa nje miezi minne na mamake mpaka leo ananiangalia vibaya sokoni.

Sasa hesabu yenyewe. Huko Marekani MLB (ligi kuu ya beisiboli) na USA Baseball (shirikisho lao) walitoa mwongozo unaitwa Pitch Smart, na unasema mtoi wa miaka 9 na 10 asipite mirusho 75 kwa siku, wa 11 na 12 asipite 85, 13 hadi 16 ni 95. Hio ni mwisho kabisa, si ati lazima afike. Halafu mapumziko, hapa ndio makocha wengi hukosea: wa miaka 14 kushuka akirusha 21 mpaka 35 anapumzika siku moja, 36 mpaka 50 siku mbili, 51 mpaka 65 siku tatu, akifika 66 ni siku nne kamili. Na kuhesabu mpe mtu mwingine, hata mtoi aliye benchi, kocha mechi ikikazana anaanza kujidanganya ati "ni wa mwisho huyu".

Lakini hio mwongozo haijui maisha ya huku. Mtoi wetu anapumzika kwa beisiboli Jumanne, Jumatano mwalimu wa michezo anamrushisha mkuki, jioni anabeba jerikani ya lita 20, akipita kwa mwembe anaangusha maembe na mawe. Mkono ni ule ule jameni! Muulize kila siku amefanya nini na huo mkono na uandike, na uongee na mwalimu na mzazi, jerikani ibebwe na mkono ule mwingine. Na aliyerusha leo asikuwe katcha leo, yule anayedaka mipira ya pitcha, manake katcha pia anarusha mipira mingi sana.

Akipanda kwenda kwa wakubwa chunga zaidi. Kwa wadogo kutoka kwa pitcha mpaka hom pleti, pale mpigaji anasimama, ni kama mita 14, kwa wakubwa ni 18.44, so anajaribu kufikisha na mkono tu, miguu na kiuno zimelala. Mwezi wa kwanza mpunguzie hesabu, mfunze kusukuma na mguu. Mipira ya kupinda ingoje, mpe ule wa kawaida na ule wa pole wa kudanganya, inatosha. Umri huo mfupa wa kiwiko bado unakua na ile sehemu inayokua ni laini, ikivutwa kila siku inaachana. Kwa mkubwa kinachokatika ni ligamenti, ile pitcha wa Marekani Tommy John alifanyiwa operesheni 1974 mpaka ikaitwa jina lake.

Kwa mwaka akae miezi minne bila kurusha kabisa, miwili au mitatu ikifuatana. Novemba na Desemba akienda ushago acha acheze futa.

Na usingoje akuambie anaumwa, hatasema, anaogopa kupoteza namba. Angalia kiwiko kikianza kushuka, mipira ikianza kupaa juu, akikung'uta mkono kati ya mirusho. Akishika kiwiko upande wa ndani mtoe hapo hapo, hata kama wapinzani wamejaa kwa base zote wakingoja kufunga. Tembe za maumivu kabla ya mechi hapana, zinaficha tu, na kuchua na mafuta si matibabu. Bado inauma baada ya siku kadhaa, daktari wa mifupa ama fizio. Akiruhusiwa kurudi anaanza mita 10, polepole, leo anarusha kesho anapumzika, na maumivu yakirudi mnarudi nyuma hatua moja.