Jinsi ya kukata video ya saa nzima ikazaa vipande vifupi vinavyojitegemea

Video ndefu nyingi za Kiswahili zina mambo mazito ambayo watu hawayafikii. Mhadhara wa kilimo, darsa la msikitini, mahojiano na fundi, semina ya wajasiriamali: zinarekodiwa kwa kamera nzuri, zinapandishwa YouTube, halafu mtazamaji anaangalia dakika mbili za salamu na kuondoka. Jambo alilolihitaji lilikuwa dakika ya 41, na bando lake lisingemfikisha huko.

Kazi yangu ni kuzikata video hizo. Hapa nitakupitisha kwenye mfano wa aina ninayokutana nayo sana: afisa ugani amezungumza na wakulima wa mahindi kwa dakika 70 kuhusu viwavijeshi vamizi, wale walioripotiwa Afrika mwaka 2016 na kufika Kenya na Tanzania mwaka uliofuata. Ukiweza kuukata mhadhara huo, utaweza kukata hotuba au mahojiano yoyote.

Jambo moja nalishikilia kuliko mengine: kipande huchaguliwa kwa masikio kwanza, macho baadaye. Anayeanza kwa kuwinda picha nzuri huishia na vipande vya kupendeza ambavyo havimwachii mtu kitu.

Hatua ya 1: Pata faili la asili, pamoja na ruhusa

Usikate video uliyoishusha YouTube au uliyotumiwa kwa WhatsApp. Hiyo imeshakandamizwa, na ukiipandisha tena itakandamizwa upya mpaka nyuso zionekane kama zimelowa. Mwombe mpiga picha faili lililotoka kwenye kamera, alilete kwa flashi au diski ya nje. Uliza pia kama mzungumzaji alivalishwa maiki ya kifuani, kwa sababu sauti hiyo ni bora mara nyingi kuliko ile iliyonaswa na kamera nyuma ya ukumbi.

Ruhusa ya mzungumzaji iwe ya vipande pia. Kukubali kurekodiwa kwa saa nzima hakumaanishi kukubali sekunde 40 zako zizunguke peke yake. Waangalie na walioketi mbele: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya 2019, na sura ya mtu ni taarifa yake.

Hatua ya 2: Sikiliza yote, kalamu mkononi

Usifungue programu ya kukatia bado. Sikiliza mhadhara mzima, hata ukiwa jikoni, na kila unapojikuta umetega sikio andika dakika na maneno machache: "12:40, kinyesi cha kiwavi", "27:05, saa ya kupulizia", "41:10, mama aliyechanganya dawa mbili". Kama video ndefu ilishakuwa YouTube, fungua grafu ya watazamaji kwenye YouTube Studio, pale mwenye chaneli anapoona takwimu zake. Panapopanda ghafla, watu wamerudia kusikiliza. Anza kutafuta hapo.

Zipo programu za akili mnemba zinazokuchagulia vipande zenyewe. Zijaribu kama unataka kuokoa muda wa mwanzo, lakini usizikabidhi uamuzi. Nyingi zinasikia Kiingereza vizuri zaidi, na zinaweza kukata pale sauti inapopanda, wakati wazee wetu wengi hushusha sauti wanapofika kwenye jambo lenyewe.

Hatua ya 3: Pima kila kipande kabla hujakikata

Hapa ndipo utumie muda mwingi. Kila alama uliyoandika iulize maswali mawili. Je, mtu ambaye hajawahi kumwona afisa huyu ataelewa bila kusikia yaliyotangulia? Na je, akisikia kipande hiki tu, ataondoka na maana ile ile aliyokusudia mzungumzaji?

Swali la pili ndilo linalovunja vipande vingi. Afisa akisema, "Wengine wanamwaga mchanga ndani ya mmea, na kweli wapo waliofanikiwa," kisha akavuta pumzi na kuendelea, "lakini ngoja niwaambie mipaka yake," ukikata kwenye ile pumzi umemgeuza kuwa mtu mwingine. Tafuta "lakini", "isipokuwa" na "ila" mpaka sekunde thelathini baada ya mahali unapotaka kumalizia. Ikiwepo, inaingia. Isipotosha ndani ya muda, kipande kinakufa. Vipimo vya dawa sivikati kabisa kuwa kipande cha pekee. Mkulima anayesikia kipimo bila jina la dawa, ukubwa wa pampu na tahadhari za kujikinga anaweza kuumia.

Kwenye mhadhara wetu, kinachopita mtihani kwa urahisi ni utambuzi. Afisa anasema kiwavi huyu ana alama ya Y iliyopinduliwa kichwani na madoa manne yaliyokaa mraba karibu na mkia, na kwamba kinyesi chake ndani ya mhindi hufanana na unga wa mbao. Hayo yanajitegemea. Mkulima akiyasikia jioni, asubuhi anaweza kwenda shambani kuhakikisha.

Hatua ya 4: Kata, ukianzia pazito

Mzungumzaji wetu hujenga: anasalimu, anaomba radhi, anasimulia kisa cha jirani, kisha hoja inatua mwishoni. Ukumbini ni uzuri mtupu. Kwenye simu ya mtu aliye ndani ya daladala, hoja lazima ije mapema. Unazo njia mbili. Ama unaanza katikati ya kisa, pale tatizo linapotajwa ("Nilifika shambani kwake nikakuta mahindi yametobolewa yote"), ama unachukua sentensi ya mwisho yenye uzito, unaiweka mbele kwa sekunde tatu au nne, kisha unarudi kwenye kisa. Mimi napendelea njia ya kwanza. Ya pili inageuza mpangilio wa maneno ya mtu, kwa hiyo itumie pale tu maana inapobaki salama.

Ondoa "eee", kikohozi, na maneno yaliyorudiwa kwa kukwama. Usiondoe kila kimya. Kimya kabla ya jibu ni sehemu ya jibu, na ukikifuta mzee anaanza kuongea kama mtangazaji wa mpira.

Urefu? Nakaa kati ya sekunde 30 na 60. YouTube Shorts inakubali hadi dakika tatu tangu Oktoba 2024, ila kilicho chini ya dakika moja kinaingia pia kwenye Status ya WhatsApp bila kukatwa, na huko ndiko vikundi vya wakulima walipo. Kwa kazi hii CapCut kwenye simu inatosha. Kwenye kompyuta natumia DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure linalotosha kwa ukataji huu.

Hatua ya 5: Simamisha picha

Video imelala, 1920 kwa 1080. Kipande kinatakiwa kisimame, 1080 kwa 1920, uwiano wa 9:16. Ukichukua urefu wote wa picha iliyolala, upana unaobaki ni kama pikseli 608 tu, kisha unazivuta zijaze skrini. Ndiyo maana vipande vingi vina ukungu. Dawa yake iko kwenye kurekodi: ikirekodiwa kwa 4K (3840 kwa 2160), ukanda huo huo una upana wa pikseli 1215 na ukali haupotei. Mwambie mpiga picha mapema.

Mzungumzaji akitembea jukwaani, mfuate kwa kuhamisha fremu taratibu. Akionyesha picha ya kiwavi ukutani, usihangaike kubana vyote: weka picha ya kiwavi nusu ya juu na uso wake nusu ya chini. Kwa mahojiano ya watu wawili mpangilio huo huo unafaa. Macho yao yakae theluthi ya juu ya nafasi yao.

Hatua ya 6: Sauti

Punguza mvumo wa feni, sawazisha sauti iwe karibu na -14 LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti ambacho programu ya kukatia hukuonyesha), na kila ulipokata weka mpito wa sauti wa fremu mbili au tatu ili kusiwe na mlio wa "tik". Muziki wenye maneno usiuweke chini ya mtu anayefundisha. Basi.

Hatua ya 7: Maandishi ya chini

Wengi wanaangalia bila sauti, kwa hiyo maandishi haya ndiyo mhadhara wenyewe kwao. Programu zitakuandikia, kisha wewe usome herufi kwa herufi ukisikiliza. "Upulizie" na "usipulizie" zinatofautiana silabi moja, na mashine inaweza kuimeza silabi hiyo.

Mtindo wa kurusha neno moja moja katikati ya skrini haukai vizuri kwenye Kiswahili. Neno kama "wanapojificha" peke yake linajaza mstari. Weka maneno matatu hadi matano kwa mstari, mistari isizidi miwili, na ukivunja mstari usitenganishe kiunganishi na kinachokifuata: "kinyesi / cha kiwavi" inasomeka, "kinyesi cha / kiwavi" inakwama. Robo ya chini ya skrini na ukingo wa kulia viache wazi, kwa sababu huko TikTok na Instagram huweka maelezo na vitufe vyao.

Hatua ya 8: Toa faili na upandishe

Toa kwa MP4, 1080 kwa 1920, kwa idadi ile ile ya fremu kwa sekunde iliyorekodiwa. Toa na nakala nyepesi ya 720 kwa 1280 kwa ajili ya vikundi vya WhatsApp. Usile bando la watu. Faili lipe jina linalosema kitu, kama "viwavi_03_dalili_1240", hiyo 1240 ikiwa dakika kwenye video ndefu. Mwaka ujao mtu akiuliza, "Hiyo alisema wapi?", utajibu papo hapo.

Mtumie mzungumzaji aone kabla ya wengine. Kisha pandisha faili lile lile safi kila mtandao. Usishushe kutoka TikTok ukapeleka Instagram likiwa na nembo. Instagram ilitangaza tangu 2021 kwamba video za namna hiyo haitazipendekeza sana. Kwenye Shorts, unganisha video ndefu kupitia sehemu iitwayo "Related video". Kwenye Instagram, kiungo ulichoandika kwenye maelezo hakibonyezeki, hivyo taja jina la video ndefu na dakika yake.

Pandisha kimoja, kaa siku mbili tatu, ndipo upandishe kingine. Soma maswali yanayoingia na uyapeleke kwa afisa mwenyewe. Akikujibu kwa sauti ya WhatsApp, iweke juu ya picha za shamba, ifuate hatua ya 3 kama vipande vingine, na umtaje aliyejibu.