Bolti iliyokatikia kwenye silinda hedi

Bolti ya manifoldi ya eksozi (bomba linalokusanya moshi kutoka kwenye injini) ikikatikia kwenye silinda hedi, yaani kichwa cha injini, usikimbilie keekee, kwa sababu ikiteleza kidogo tu itakula aluminiamu ya hedi na kuharibu uzi wa tundu la bolti. Kama kipande kimebaki nje hata milimita 2, kiloweke usiku kucha kwa mafuta ya kulegeza kutu. Asubuhi futa mafuta yote, chomoa nyaya za betri, kisha pachika nati juu yake na umwombe fundi wa kuchomelea aijaze kwa ndani kwa kuchomelea mpaka ishikane na kipande.

Joto hilo ndilo linalofanya kazi kubwa, kwani bolti hutanuka, halafu ikipoa husinyaa na kuachana na kutu. Subiri wekundu uishe, ndipo uzungushe kwa spana polepole, ukilegeza kidogo na kukaza kidogo, hadi usikie mlio mkavu wa kutu kuachia. Nati ikibanduka, chomelea nyingine bila kukata tamaa. Mimi nimewahi kurudia mara 4 kwa bolti moja, na ya 5 ikatoka nzima. Bolti mpya ipake grisi ya shaba kabla ya kuifunga.