Umeshapunguza ext4? Sasa kata patisheni bila kupoteza data

Kwenye Linux, watu wengi wakimaliza kupunguza ext4 (aina ya mfumo wa faili) kwa resize2fs wanapiga df -h, wanaona saizi imeshuka, wanajua kazi imeisha. Bado. resize2fs inagusa mfumo wa faili tu, patisheni yenyewe (kipande cha diski kinachoubeba) iko vilevile, na ile nafasi uliyoiachia huwezi kuipa kitu kingine mpaka uikate. Na hapa kwenye kukata ndo data za watu zinapotelea, kwa hiyo twende taratibu.

Mfano wetu ni /dev/sdb1, ext4, tunaishusha hadi 20G. Angalia kwanza kwa lsblk yako inaitwaje usije ukakata diski siyo. Kama ni XFS (aina nyingine ya mfumo wa faili) usihangaike, hamisha data uiunde upya. Na kama ni root (patisheni yenye mfumo wenyewe) unayotumia sasa hivi, buti na flashi ya live, maana ext4 haipunguzwi ikiwa imemauntiwa.

Hatua ya 1: bakapu. Ya data ni lazima, na meza ya patisheni (orodha ya wapi kila patisheni inaanzia na kuishia) pia:

sudo sfdisk -d /dev/sdb > meza.txt

Hiyo faili iweke kwenye diski nyingine, siyo hiyohiyo unayoikata.

Hatua ya 2: punguza mfumo wa faili.

sudo umount /dev/sdb1
sudo e2fsck -f /dev/sdb1
sudo resize2fs /dev/sdb1 20G

Mwishoni itakwambia "The filesystem on /dev/sdb1 is now 5242880 (4k) blocks long." Hiyo 5242880 iandike mahali, ndo namba ya kuamini kuliko zote, achana na za df.

Hatua ya 3: hesabu, na hapa usiwe na haraka. Fungua sudo parted /dev/sdb, andika unit s, halafu print. Utaona patisheni inaanzia sekta gani, tuseme 2048s, na utaona pia saizi ya sekta, diski nyingi ni baiti 512. Bloku moja ni baiti 4096, kwa hiyo ina sekta 8:

5242880 × 8 = 41943040
2048 + 41943040 − 1 = 41945087

Hiyo ya mwisho ndo sekta patisheni inapotakiwa kuishia. Ile kutoa 1 ni kwa sababu sekta ya 2048 yenyewe inahesabiwa ndani.

Kwa nini tusiandike tu 20GB yaishe? Kwa sababu G ya resize2fs ni 1024 × 1024 × 1024, yaani 20G ni baiti 21,474,836,480, ila GB ya parted inahesabu kwa elfu, yaani baiti 20,000,000,000 kamili. Ukiandika resizepart 1 20GB umekata mkia wa mfumo wa faili zaidi ya baiti bilioni 1.4. Halafu resizepart haiulizi ukubwa, inauliza mwisho uko wapi kwenye diski, kwa hiyo patisheni isiyoanzia mwanzoni mwa diski inakatwa vibaya zaidi.

Hatua ya 4: kata, ukiwa bado ndani ya parted.

resizepart 1 41945087s

Itakuonya kwamba kupunguza patisheni kunaweza kupoteza data. Hakiki namba tena, jibu Yes, toka kwa quit.

Hatua ya 5: hakiki kabla ya kumaunti.

sudo partprobe /dev/sdb
sudo e2fsck -f /dev/sdb1

Ikipita bila kulalamika uko salama. Ikilalamika kwamba saizi ya kwenye superblock (kumbukumbu ya mfumo wa faili kuhusu saizi yake) imezidi ya kifaa, patisheni umeikata fupi, hata sekta moja inatosha kuleta hilo. Ikikuuliza Abort jibu y, usiiache irekebishe chochote, rudi parted uongeze mwisho. Kama hujaandika kitu kwenye ile nafasi iliyoachwa, data bado ipo palepale.

Patisheni ikiwa kubwa kuliko mfumo wa faili haina shida, ikiwa ndogo ndo balaa. Ndo maana kwenye diski ya mtu mimi napunguza hadi 19G, nakata patisheni kwa hesabu ya 20G, halafu napiga

sudo resize2fs /dev/sdb1

bila namba yoyote, inajinyoosha yenyewe mpaka ukingo wa patisheni. UUID (namba ya utambulisho ya mfumo wa faili) haibadiliki kwa hiyo fstab (faili ya orodha ya vinavyomauntiwa) usiiguse, maunti uendelee na kazi.